Sanamu Kanisani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeyapokea kwa miaka mingi nikifundisha wakatekumeni. Mengine yametoka kwa wanaojiandaa kubatizwa, mengine kwa ndugu zao wa madhehebu mengine waliowasindikiza mpaka mlangoni, wakaiona sanamu ya Maria pale pembeni, wakasita kuingia. Yapo yaliyoulizwa kwa hasira. Hasira hiyo naiheshimu, maana mtu anayekasirika kwa ajili ya utukufu wa Mungu ameanzia mahali pazuri. Nimejibu kama Mkatoliki anayeamini anachosema, na pale sisi wenyewe tunapokosea nimesema pia.

Je, Wakatoliki wanaabudu sanamu?

Hapana. Kanisa linafundisha kwamba ibada ya sanamu ni dhambi nzito dhidi ya amri ya kwanza: ni kukipa kiumbe kile kilicho haki ya Mungu peke yake. Mkatoliki akiamini kwamba jasi iliyopakwa rangi inamsikia, inamjua kwa jina au ina nguvu ndani yake, amekosa, na padre wake ana wajibu wa kumwambia hivyo.

Kipimo ninachowapa wakatekumeni ni sadaka. Ukitaka kumjua mungu wa mtu, tazama anamtolea nani sadaka. Sadaka yetu ni Misa, na Misa haitolewi kwa Maria, wala kwa Yosefu, wala kwa malaika. Hata siku ya sikukuu ya Mama Maria, padre altareni anasali kwa Mungu Baba, kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Askofu Augustino, mwalimu mkubwa wa Kanisa la kale, aliuliza jambo hili miaka 1,600 hivi iliyopita: ni nani aliyewahi kumsikia padre, amesimama kwenye altare iliyojengwa juu ya kaburi la shahidi, akisema, "Ninakutolea sadaka wewe Petro, au wewe Paulo, au wewe Sipriani"? Hakuna aliyemsikia wakati ule. Njoo Jumapili yoyote usikilize mwenyewe.

Lakini Biblia inasema wazi: "Usijifanyie sanamu ya kuchonga." Hapo mnapitaje?

Hatupiti pembeni, tunaendelea kusoma. Kutoka 20:4 inakataza sanamu ya kuchonga na mfano wa kitu chochote kilicho juu mbinguni, chini duniani au majini. Mstari wa 5 unaendelea: "Usivisujudie wala kuvitumikia." Sasa fungua sura tano mbele, kitabu kile kile. Katika Kutoka 25:18 Mungu yule yule anamwamuru Musa atengeneze makerubi wawili wa dhahabu, awaweke juu ya kiti cha rehema cha sanduku la agano. Makerubi ni viumbe wa mbinguni, na dhahabu ile ilifuliwa kwa nyundo na mikono ya fundi. Kama amri ingekuwa inakataza kila umbo, Mungu angekuwa ameivunja amri yake kabla Musa hajashuka mlimani.

Hekalu la Sulemani nalo lilijaa maumbo. Makerubi wa mti wa mzeituni waliosimama katika chumba cha ndani walikuwa na kimo cha dhiraa kumi kila mmoja, yaani karibu mita nne na nusu (1 Wafalme 6:23). Uani palikuwa na bahari ya shaba iliyobebwa na ng'ombe 12 wa shaba, watatu wakitazama kila upande. Kwenye vitako vya birika palichorwa simba, ng'ombe na makerubi. Na hekalu hilo ndilo lililojaa utukufu wa Bwana hata makuhani wakashindwa kusimama kuhudumu.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa nyoka wa shaba, kwa sababu unajibu pande zote mbili. Katika Hesabu 21 Mungu anamwambia Musa atengeneze nyoka, amweke juu ya mti, na aliyeumwa akimtazama ataishi. Sanamu ile ilitengenezwa kwa amri ya Mungu, na watu walipona. Yesu mwenyewe anaitumia kujieleza: kama Musa alivyomwinua nyoka jangwani, vivyo hivyo Mwana wa Adamu hana budi kuinuliwa (Yohane 3:14). Lakini soma pia 2 Wafalme 18:4. Karne nyingi baadaye Waisraeli walianza kumfukizia uvumba nyoka yule yule, na mfalme Hezekia akamvunja vipande vipande. Shaba haikuwa imebadilika, mioyo ya watu ndiyo iliyogeuka. Musa alifanya vyema kutengeneza na Hezekia alifanya vyema kuvunja, na Biblia inawasifu wote wawili.

Basi manabii walikuwa wanapinga nini hasa?

Walipinga miungu ya uongo. Zaburi ya 115 inasema juu ya sanamu za mataifa: "Zina vinywa lakini hazisemi, zina macho lakini hazioni." Isaya 44 anaonyesha mtu akikata mti mmoja, nusu akiota moto na kuokea mkate, nusu nyingine akijichongea mungu na kumwambia, "Uniokoe." Kila Mkatoliki mwenye akili timamu atasema amina. Sanamu ya Yosefu iliyopo kanisani kwetu ina macho na haioni. Hakuna anayefundishwa kwamba inaona.

Ndama wa dhahabu wa Kutoka 32 ni jambo jingine: pale watu walisema hii ndiyo miungu iliyotutoa Misri. Kitu kimechukua nafasi ya Mungu na sifa ya tendo la Mungu.

Mbona hata neno lenyewe "sanamu" linawahukumu?

Hapa lugha yetu inatuchezea, na nadhani nusu ya mabishano inaanzia hapa. Neno "sanamu" limetoka Kiarabu, "sanam", na huko maana yake ni kitu kinachoabudiwa badala ya Mungu. Kiswahili kimelipanua. Mchongo wa shujaa uwanjani ni sanamu, kinachovalishwa nguo kwenye dirisha la duka ni sanamu, na zamani hata picha ya kitabuni iliitwa sanamu. Wakati huo huo Biblia zetu zinatumia neno hilo hilo kwa Baali na kwa ndama wa dhahabu. Kwa hiyo anayesema "kanisani kwao kuna sanamu" anasema kweli, na msikilizaji papo hapo anasikia "kanisani kwao kuna Baali". Kigiriki cha Biblia kilikuwa na maneno mawili tofauti: "eidolon", mungu bandia, na "eikon", mfano au sura.

Tazama sasa neno "mfano". Kutoka 20:4 inakataza kufanya mfano wa kitu chochote. Mwanzo 1:26 Mungu anasema, "Na tumfanye mtu kwa mfano wetu." Na Wakolosai 1:15 inasema Kristo ni "mfano wa Mungu asiyeonekana", hapo Paulo ametumia neno "eikon". Mungu aliyekataza mifano ametupa yeye mwenyewe mfano wake.

Si sisi wa kwanza kuchanganywa na maneno. Maazimio ya Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Pili wa Nisea wa 787, yaliyotenganisha kwa uangalifu mkubwa kuabudu na kuheshimu, yalifika kwa Wafranki yakiwa yametafsiriwa vibaya kwa Kilatini. Wanateolojia wa mfalme wao, Karolo Mkuu, wakasoma kana kwamba mtaguso umeamuru picha ziabudiwe kama Utatu Mtakatifu. Waliandika kitabu kizima kupinga, na sinodi ya Frankfurt ya 794 ikalaani fundisho ambalo mtaguso haukuwa umelifundisha.

Ni kweli mmeifuta amri ya pili?

Hapana. Fungua Biblia yoyote ya Kikatoliki, Kutoka 20:4-6 ipo yote. Maandiko yanasema amri ni kumi, lakini mistari haina namba, kwa hiyo namna ya kuhesabu imetofautiana. Wayahudi wanahesabu "Mimi ni Bwana, Mungu wako" kuwa neno la kwanza. Waortodoksi, Waanglikana na Wakristo wa mkondo wa Calvin wanalitenga katazo la sanamu kuwa amri ya pili. Sisi tunafuata hesabu ya Augustino: miungu mingine na sanamu zake ni amri moja, na mwishoni kumtamani mke wa jirani kunatengwa na kutamani mali yake. Walutheri wanahesabu kama sisi.

Lawama hii ina chanzo chake, nakiri. Vitabu vidogo vya katekesi huandika amri kwa kifupi ili watoto waweze kuzikariri, na katika ufupi huo maneno ya sanamu hayaonekani. Mtu akikua na kitabu hicho peke yake, siku akionyeshwa Kutoka 20:4 anahisi alifichwa kitu. Katekista mwenzangu anayesoma hapa, tafadhali wasomee watoto andiko lote.

Kama hamuabudu, kwa nini mnapiga magoti mbele yake?

Tendo la mwili linapata maana kutoka kwa nia na mahali. Yakobo alimwinamia Esau kaka yake hadi nchi mara saba. Mfalme Sulemani alimwinamia mama yake Bathsheba. Hawakuabudu. Yoshua na wazee wa Israeli walianguka kifudifudi mbele ya sanduku la Bwana mpaka jioni (Yoshua 7:6), na juu ya sanduku hilo walikuwepo wale makerubi wa dhahabu. Upande wa pili, Kornelio alipoanguka miguuni pa Petro, Petro alimwinua, na Yohane alipotaka kumsujudia malaika katika Ufunuo 22 alikatazwa. Hawa wawili walikuwa wanavuka mpaka, wakarudishwa. Kuinama kwenyewe kunaruhusiwa katika kurasa zile zile.

Nitakueleza nilichokiona kwa macho yangu. Kuna bibi mmoja aliyekuwa akifika kanisani kabla ya wote. Kwanza alikwenda kwa sanamu ya Maria, akasimama, akaugusa mguu wake kwa ncha za vidole, midomo ikicheza. Kisha akaenda katikati, mbele ya tabernakulo, kile kisanduku cha kuhifadhia Ekaristi. Pale alishika benchi kwa mkono wa kushoto, akateremsha goti la kulia polepole, maana lilikuwa linamuuma, mpaka likagusa sakafu kabisa. Akakaa hivyo. Akainuka kwa shida. Hakusoma teolojia, wala sikumuuliza kitu. Lakini kwa Maria alisimama, na goti lile bovu alilihifadhi kwa Yule anayeamini yumo ndani ya tabernakulo.

Ukitaka kusikia tofauti kwa masikio, sikiliza litania, ile sala ndefu ya kuitikiana. Kwa Kristo tunajibu "utuhurumie". Kwa watakatifu, kuanzia Maria hadi wa mwisho, tunajibu "utuombee". Jibu hilo halibadiliki hata mara moja, na mtoto wa miaka saba anajua lini aseme lipi. Wanateolojia wana majina ya tofauti hiyo: latria kwa Mungu peke yake, dulia kwa watakatifu, na hiperdulia kwa Maria, ambayo ni heshima kubwa zaidi lakini bado ni ya kiumbe.

Na Ijumaa Kuu? Mnaita wenyewe "kuabudu msalaba".

Hili ndilo swali gumu kuliko yote, na sipendi majibu ya mkato ninayoyasikia, eti ni neno tu. Ni kweli siku ile msalaba unainuliwa, watu wanapanga foleni, wanapiga goti, wanaubusu. Na kuanzia ibada hiyo mpaka mwanzo wa Kesha la Pasaka, msalaba huo unapigiwa goti kama tabernakulo, ambayo wakati huo iko tupu na mlango wazi.

Jibu ni la Mtakatifu Tomaso wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13. Anasema moyo unaweza kuiendea picha kwa namna mbili: kama kitu, yaani mbao au jiwe, au kama picha, yaani njia ya kumfikia aliyeonyeshwa. Kama kitu, haistahili heshima yoyote. Kama picha, mwendo wa moyo haukomi hapo, unafika kwa mwenyewe. Kwa hiyo anayebusu msalaba Ijumaa Kuu kweli anaabudu, na anayemwabudu ni Kristo aliyesulubiwa. Ndiyo maana hatufanyi hivyo kwa sanamu ya Petro au ya Antoni: mwendo ule ukifika kwa Petro unamkuta mtu, na mtu haabudiwi.

Wakristo wa kwanza walikuwa na sanamu?

Picha walikuwa nazo mapema. Katika makaburi ya chini ya ardhi ya Roma, kama yale ya Prisila, amechorwa Mchungaji Mwema na kondoo mabegani. Huko Dura-Europos, Syria, mji ulioangamizwa mnamo 256, wachimbaji walikuta nyumba ya ibada ya Wakristo yenye picha katika chumba cha ubatizo. Jirani yake walikuta sinagogi ambalo kuta zake zimechorwa Musa, Daudi na Ezekieli. Wayahudi wale hawakusoma Kutoka 20 kama katazo la kila picha.

Michongo mikubwa ya kusimama ilichelewa sana. Na wapo waliokataa hata picha: sinodi ya Elvira huko Hispania, mwanzoni mwa karne ya 4, ilisema pasiwe na picha makanisani. Askofu Epifani wa Salamini alikuwa mkali dhidi ya kupotosha heshima. Aliposikia kuna wanawake wanaomtolea Maria sadaka ya mikate, aliandika kwamba Maria aheshimiwe, lakini aabudiwe Bwana. Kanisa halikufikia msimamo lililonao leo juu ya picha bila ubishi, na sioni haya kusema hivyo.

Ubishi huo uliishaje?

Kwa damu, kwanza. Katika karne ya 8 Kaisari Leo wa Tatu wa Konstantinopoli alianza kupinga picha takatifu, na mwanawe Konstantino wa Tano akaitisha mkutano wa maaskofu mwaka 754 uliozilaani. Ikoni zilichomwa, wamonaki waliteswa, wengine waliuawa. Mwaka 787 malkia Irene na Patriarka Tarasi waliita mtaguso huko Nisea, ukaamua kwamba picha za Kristo, Maria, malaika na watakatifu zipewe heshima, na kwamba kuabudu halisi ni kwa Mungu tu. Mtaguso ulitumia neno la Basili Mkuu: heshima inayotolewa kwa picha inapita na kumfikia aliyechorwa. Upinzani ulirudi tena, ukaisha mwaka 843 chini ya malkia Theodora. Mpaka leo Waortodoksi wanaiadhimisha siku hiyo Jumapili ya kwanza ya Kwaresima yao.

Rafiki yangu Mwislamu anasema hii ni shirki. Nimwambie nini?

Kwanza msikilize mpaka mwisho, maana analinda jambo ambalo na wewe unapaswa kulilinda: Mungu ni mmoja, na hafanani na kiumbe chochote. Kumbukumbu la Torati 4 linasema vivyo hivyo: Israeli hawakuona umbo lolote siku Mungu aliposema nao Horebu, kwa hiyo wasimfanyie umbo. Usimjibu kwa kejeli wala kwa kutafuta kasoro kwake.

Kisha mweleze tunapoachana. Sisi tunaamini Neno wa Mungu alifanyika mwili. Alikuwa na uso, mikono, kovu. Kabla ya hapo kumchora Mungu kungekuwa kubuni; baada ya hapo, kumchora Yesu ni kukiri kwamba alikuja kweli. Aliyeieleza hoja hii vizuri kuliko wote ni Yohane wa Damasko: siabudu maada, alisema, namwabudu Muumba wa maada, aliyejifanya maada kwa ajili yangu. Yohane aliishi chini ya utawala wa Kiislamu; baba yake alikuwa mtumishi katika serikali ya khalifa. Ni kwa sababu aliishi huko ndipo mkono wa kaisari Mkristo, aliyekuwa akizichoma ikoni, haukumfikia. Rafiki yako hatakubali Umwilisho, na hulazimiki kumshinda. Lakini atajua mnatofautiana juu ya nini, na ataona kwamba jiwe silo jambo lenyewe.

Kwa hoja hiyo hiyo, mimi binafsi sifurahii picha zinazomwonyesha Mungu Baba kama mzee mwenye ndevu nyeupe. Kanisa linazivumilia, na zimejaa makanisani. Lakini Baba hakujimwilisha, na watoto wanaichukua ile picha kama ilivyo.

Waprotestanti wote wanazikataa?

La. Martin Luther, aliyeanzisha Uprotestanti huko Ujerumani, alirudi mjini kwake Wittenberg mwaka 1522 kutuliza fujo, zikiwemo za watu waliokuwa wakivunja picha. Makanisa mengi ya Kilutheri yana msalaba wenye mwili wa Kristo. Waprotestanti wa Zürich, Uswisi, waliziondoa zote mwaka 1524, na Calvin alizipinga kabisa. Kanisa Katoliki lilijibu katika Mtaguso wa Trento, Desemba 1563: picha ziheshimiwe, si kwa kuamini kwamba zina uungu au nguvu fulani ndani yake, wala ili ziombwe kitu au kutumainiwa kama walivyofanya wapagani.

Mbona nimewaona Wakatoliki wanaozifanya kama hirizi?

Kwa sababu wapo. Mama mmoja aliniambia bila kuficha kwamba ameigeuza sanamu ya Mtakatifu Antoni itazame ukuta, na ataigeuza tena siku binti yake akipata mchumba. Wapo wanaoifukia sanamu ya Yosefu ardhini ili nyumba iuzike haraka. Wapo wanaosambaza sala yenye onyo kwamba usipoipeleka kwa watu kadhaa utapata balaa. Wapo wanaobandika picha ya mtakatifu kwenye gari, kisha wanaendesha kana kwamba picha ndiyo inayoshika usukani.

Huo ni ushirikina, na Katekisimu inauita kwa jina hilo. Mpinzani wetu akiyaona hayo na kusema "mnaabudu sanamu", kwa mtu huyo hajakosea sana. Maneno ya Trento niliyoyataja yanamhukumu yule mama kabla mchungaji wa jirani hajamhukumu. Nilizungumza naye kwa upole, maana nyuma ya sanamu ile iliyogeuzwa kuna mama mwenye hofu kwa ajili ya mwanawe. Tulisali pamoja kwa ajili ya binti, kwa Mungu, tukamwomba Antoni atuombee. Kisha akaigeuza sanamu mwenyewe. Alikuwa analia.

Namwambia kila anayeuliza: jiulize utafanya nini kesho sanamu yako ikiibiwa. Ukihuzunika kama aliyepoteza ukumbusho, ni sawa. Ukiogopa kwamba sasa huna mlinzi, kaa na padre mzungumze.

Na tusisahau kwamba Paulo anaita tamaa ya mali ibada ya sanamu (Wakolosai 3:5). Anayepigana na jasi akaiacha pesa itawale nyumba yake amepigana na adui mdogo.

Sanamu inayotoa machozi ni ishara ya Mungu?

Usikimbilie. Habari nyingi za namna hiyo hukosa uthibitisho. Mwaka 1953, huko Siracusa, Sicilia, sanamu ndogo ya Maria ilionekana ikitoa machozi; majimaji yalichunguzwa, na maaskofu wa Sicilia wakaitambua mwezi Desemba mwaka huo. Ni tukio la nadra. Mei 2024 Vatikano ilitoa kanuni mpya za kuchunguza matukio kama haya, na kwa kawaida Kanisa sasa linaishia kusema hakuna kizuizi cha watu kusali mahali hapo, bila kutangaza kwamba tukio ni la kimungu. Mkatoliki anaweza kuishi na kufa bila kuamini tukio hata moja la aina hiyo.

Kwa nini Yesu na Maria wanachongwa weupe?

Kwa sababu wachongaji wengi waliosambaza sanamu walikuwa Wazungu, wakawachonga watu waliowafahamu. Hakuna picha iliyochorwa Yesu akiwa hai. Alikuwa Myahudi wa Mashariki ya Kati. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulisema wazi kwamba Kanisa halina mtindo mmoja wa sanaa ulio wake, na kwamba sanaa ya kila taifa ina nafasi. Kwa maoni yangu tumechelewa mno kulitekeleza hilo. Mtoto akikua akiona kwamba kila mtakatifu ni mweupe na shetani peke yake ndiye mweusi, amefundishwa kitu ambacho hakuna padre angethubutu kukihubiri.

Kuna kiasi cha sanamu kanisani? Na nyumbani ni lazima?

Sheria ya Kanisa (kanuni 1188) inataka ziwe za kiasi na zipangwe vizuri, zisiwashangaze waamini wala kuwapotosha. Kwa kawaida isiwepo zaidi ya sanamu moja ya mtakatifu yule yule kanisani. Nyumbani si lazima kabisa. Ukiwa nayo, iweke mahali mnapokaa kusali. Juu ya kabati nyuma ya chupa za dawa si mahali pake.

Sanamu yangu ya baraka imevunjika. Nifanye nini?

Hutapata mkosi. Hili nalisema kwanza kwa sababu ndilo linalowafanya watu wanipigie simu usiku.

Ikiwa inatengenezeka, itengeneze. Nimewahi kumsaidia fundi kuunganisha mkono wa sanamu ya Maria uliokatika: ndani palikuwa na jasi nyeupe na waya mmoja wenye kutu, basi. Mtoto wa fundi alichungulia, akauliza kama Maria ameumia. Baba yake akamwambia hapana, Maria yuko mbinguni, hapa ameumia waya. Mtoto akaridhika, akaomba ashike gundi.

Isipotengenezeka, usiitupe kwenye takataka, kwa sababu ilibarikiwa na ilikusaidia kusali. Desturi ya Kanisa ni kuichoma kama ni ya mti au karatasi, au kuivunja isijulikane tena umbo lake na kuizika ardhini mahali pasipokanyagwa. Hakuna sala maalumu ya lazima. Vumbi la jasi litakalobaki sakafuni, lifagie.